Mtaa Unaokudai

Tangu serikali ya kaunti ianze kazi mwaka 2013, swali la mahali pa kuishi limekuwa swali la kila siku mjini Lodwar. Karani aliyepata ajira kaunti, mwalimu aliyehamishwa kutoka Kitale, mwenye duka anayetafuta pa kufungua tawi, familia iliyoshuka mjini baada ya ukame wa 2020 hadi 2023 kuwamalizia mifugo: wote huzunguka Napetet, Nakwamekwi, Kanamkemer, Napuu na Nawoitorong wakipima kodi, maji, shule, umbali wa soko na njia ya mafuriko. Sensa ya 2019 iliukuta mji huu una watu zaidi ya 80,000. Mwendo wa kilomita 120 hivi kuelekea kaskazini-magharibi, Kakuma na Kalobeyei zina wakimbizi na waomba hifadhi karibu 300,000, na wengi wao hawakuulizwa wangependa mtaa gani. Walioneshwa kipande cha ardhi, wakaandikiwa zoni na bloki, wakaanza kujenga. Kaunti moja ina wanaochagua na wanaopangiwa, na inafaa tuwafikirie pamoja, kwa sababu nadhani kinachowakosesha raha ni kitu kimoja. Tumezoea kuuliza ni mtaa upi unaonifaa. Ninaamini swali lenye uzito zaidi ni watu gani niko tayari wanidai, na kama watu hao wamenipokea. Kuchagua ni nusu ya kazi. Nusu ya pili iko mikononi mwa jirani, na mtu asiyeijali hajahamia mtaa, amehamia nyumba tu.

Dini zetu zina kisa cha kale cha kuchagua mahali pa kuishi, na msomaji wa Turkana ana bahati ya kukielewa bila kufasiriwa, kwa kuwa ni kisa cha wafugaji. Katika sura ya 13 ya kitabu cha Mwanzo, mifugo ya Abramu na ya Lutu, mwana wa nduguye, imekuwa mingi hata nchi haiwatoshi wote wawili, na wachungaji wao wanagombana. Abramu, aliye mkubwa na mwenye haki ya kutangulia, anamwachia kijana achague kwanza. Lutu anainua macho, anaona bonde la Yordani lilivyo na maji kila mahali, anachukua lile, na kupiga hema zake hadi karibu na Sodoma. Kwa vipimo vya kawaida hakukosea. Mfugaji yeyote wa kati ya Turkwel na Kerio angeona alichoona Lutu, na baba wa familia anayeacha maji na kwenda kwenye vumbi atahitaji sababu nzuri ya kuwapa wanawe. Wahubiri wengi humlaumu Lutu kwa tamaa. Mimi naona kasoro yake kwingine: andiko linatueleza alichokiona, lakini halituambii kwamba alimwuliza mtu yeyote aliyekuwa akiishi huko. Aliyachagua maji, watu wakaja pamoja na maji.

Matokeo yanaonekana sura zinazofuata. Wafalme wanapigana, Lutu anatekwa pamoja na mali yake, na anayekuja kumwokoa na watu 318 ni Abramu, ami yake aliyebaki upande mkavu. Majirani wa bonde lenye maji hawatajwi kumtafuta. Baadaye, usiku ambao wenyeji wa Sodoma wanauzingira mlango wake ili wawadhuru wageni aliowalaza, Lutu anajaribu kusema nao na wanamrudisha nyuma kwa kumkumbusha kwamba alikuja kama mgeni, na sasa anajifanya mwamuzi. Huyu ni mtu mwenye nyumba mjini, aliyeketi langoni pa mji, ambaye mabinti zake walikuwa wameposwa na wenyeji. Siku ya shida ikafahamika kwamba hakuwa amepokelewa hata kidogo. Linganisha na Abramu huyohuyo, sasa akiitwa Ibrahimu, katika sura ya 23, Sara alipofariki na yeye akahitaji mahali pa kumzika. Alisimama mbele ya wenyeji wa Hebroni, akajitaja kuwa mgeni na mpitaji kwao, akainama mbele yao, akawaomba wamwombee kwa Efroni Mhiti. Efroni akatamka mbele ya wote kwamba anampa shamba bure. Ibrahimu akakataa, akapima shekeli 400 za fedha wote wakishuhudia, na pango la Makpela likawa lake. Angeweza kukipokea kile kipawa na kuokoa fedha. Aliona kwamba ardhi ya kuzikia inahitaji mambo mawili kwa pamoja, bei iliyolipwa na jamii iliyoridhia, na kwamba moja halisimami badala ya lingine.

Mpangilio huu unafahamika vizuri Turkana hata kwa asiyewahi kufungua Biblia. Mfugaji wa Kiturkana hakuishi peke yake na boma lake. Maboma kadhaa yaliungana katika adakar, kundi la wanaohama na kulisha pamoja chini ya mzee mwenye uzoefu, wakilindana dhidi ya wavamizi. Mtu aliweza kuhama adakar moja kwenda nyingine, na watu walihama sana, lakini uhamisho ulikuwa mazungumzo: unafika, unaketi na wazee chini ya mti wa wanaume, unaeleza umetoka wapi na una undugu au urafiki na nani. Kando ya Turkwel, ambako Lodwar yenyewe imekaa, kulikuwa na utaratibu wa ekwar, uliochunguzwa na Edmund Barrow katika miaka ya 1980. Familia ilikuwa na haki juu ya miti ya ukingo wa mto, hasa ile migunga inayodondosha maganda ya kulishia mbuzi wakati wa kiangazi. Haki hiyo ilikuwa thabiti, ikarithiwa, na wageni walitakiwa kuomba kabla ya kutumia. Wakati huohuo haikuwa ukuta. Aliyeomba vizuri katika mwaka mbaya aliruhusiwa, na aliyetoweka miaka mingi bila kuitumia sehemu yake aliweza kuipoteza. Umiliki ulishikiliwa na uhusiano: kuwepo, kutumia kwa kiasi, kujulikana na wenzako, kuwafungulia wengine njaa inapobisha. Sioni kwamba hii ni fikra ya zamani iliyopitwa na wakati. Nadhani ni maelezo sahihi ya maana ya kukaa mahali, na sisi wa ploti na mabati ndio tuliofupisha maelezo hayo.

Tumeyafupisha vipi? Kwa kuufanya mkataba wa kununua uwe ndio mwisho wa shughuli. Fedha za kaunti, mafuta yaliyogunduliwa karibu na Lokichar mwaka 2012, na lami iliyoisogeza Lodwar karibu na Kitale, vyote vimeipa ardhi ya mji thamani ambayo haikuwa nayo, na mtu sasa anaweza kununua ploti kutoka mbali, akatuma fundi, akazungushia ukuta, kisha akahamia bila kumjua hata mmoja wa waliolisha mbuzi hapo miaka michache iliyopita. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 iliwekwa ili jamii zisipoteze ardhi yao kimyakimya, lakini sheria hulinda haki tu. Haiwezi kumfanya mtu aonane na jirani yake. Na mazingira ya Lodwar hayamsamehe asiyeonana naye. Kawalase ni mto wa msimu, mchanga mtupu kwa miezi, halafu mvua inanyesha milimani mbali na hapa na maji yanashuka kwa saa chache. Ukuta ninaoujenga ili niokoe nyumba yangu unayasukuma maji kwa mwenye kibanda cha makuti ya mkoma upande wa pili. Katika mji wa namna hii hakuna uchaguzi wa mtaa ulio wangu peke yangu. Niliponunua nilibadilisha pia mahali anapoishi mwingine, na yeye hakusaini chochote.

Nawoitorong inanipa mfano wa njia nyingine. Jina hilo, kwa wasafiri wengi waliopita Lodwar, ni la nyumba ya wageni na kituo cha mikutano kilichojengwa kwa vifaa vya hapahapa na kuendeshwa na kikundi cha wanawake. Wanawake wa Turkana walioingia mjini baada ya ukame mkubwa wa mwaka 1980 na mwingine uliofuata hawakuletwa na mvuto wa mitaa. Waliletwa na mizoga ya mifugo. Kama tungewauliza mtaa gani unawafaa, swali lingekuwa la kuudhi. Mtaa unaowafaa wanawake wa namna hiyo haukuwepo uchaguliwe. Palipokuwa na kikundi, kazi ya pamoja, na paa ambalo mgeni analipia kulala chini yake, mtaa ulianza kupata sifa ambazo leo mnunuzi wa ploti anazihesabu kana kwamba zilikuwa katika udongo. Sipendi kuwafanya wanawake hao watakatifu. Vikundi vyote vina ugomvi wake na daftari lake la madeni. Ninachotaka kionekane ni kwamba kile tunachokiita mtaa mzuri ni jasho la watu waliokubali kudaiana, na anayekuja baadaye kufurahia matunda amerithi pia deni.

Pingamizi la kwanza nalichukulia kwa uzito wote. Mzazi atasema: maneno ya kupokelewa ni mazuri, lakini mtoto wangu ana utoto mmoja tu, na mahali anapokulia patamjenga au kumvunja. Ushahidi uko upande wake. Nchini Marekani, mwaka 1994, serikali ilianzisha jaribio katika miji mitano, Chicago na Boston zikiwemo: familia zilizoishi katika nyumba za umma kwenye mitaa ya umaskini mkubwa ziliteuliwa kwa bahati nasibu, nyingine zikapewa msaada wa kupanga katika mitaa yenye maskini wachache. Uchambuzi wa Raj Chetty na wenzake, uliochapishwa 2016, ulikuta kwamba watoto waliohama kabla ya kufika miaka 13 walipata utu uzimani kipato kilichozidi kwa karibu theluthi kile cha wenzao ambao hawakupewa nafasi hiyo. Waliohama wakiwa wakubwa zaidi hawakufaidi hivyo. Kwa hiyo mahali pana uzito, na muda anaotumia mtoto pale una uzito, na sitamlaumu mzazi wa Lodwar anayemsogeza mwanawe karibu na shule yenye walimu na mbali na njia ya Kawalase. Ni wajibu wake.

Lakini tazama kile ambacho ushahidi huo hausemi. Hausemi kwamba udongo wa mtaa mmoja una baraka kuliko wa mwingine. Kilichowafaidi watoto wale ni watu waliowakuta: walimu, wazazi wa rafiki zao, watu wazima wenye kazi, njia walizoziona mbele yao kila asubuhi. Tunarudi palepale, kwa majirani. Na kuna somo la pili, alilolitoa mchumi Thomas Schelling mwaka 1971 kwa kusogeza alama kwenye ubao wa mraba. Alionyesha kwamba hata watu wanaoridhika kuishi katika mtaa mchanganyiko, mradi tu wasiwe wachache mno, huishia wametengana kabisa, kila aina upande wake, ingawa hakuna aliyetaka mwisho huo. Kila mmoja alifanya uchaguzi mdogo wenye busara kwa ajili yake. Ukiyaweka mafunzo haya mawili pamoja, unapata hofu ya kweli kwa mji unaokua kama Lodwar: wenye mishahara wakifuatana kwenye pembe mbili tatu za mji, kila mmoja kwa sababu nzuri ya wanawe, watawaondolea watoto wa pembe zilizobaki watu walewale ambao kuwepo kwao ndiko kunakomjenga mtoto. Wajibu kwa mwanangu hauniondolei swali la mtoto wa jirani niliyemwacha. Unalifanya liwe gumu zaidi, na yeyote anayesema lina jibu rahisi hajalea.

Pingamizi la pili linaniogopesha zaidi kuliko la kwanza. Kama kukaa mahali kunahitaji kupokelewa, je, sijawapa wenyeji rungu? Kenya inajua neno mgeni linaweza kufanya nini. Mwishoni mwa 2007 na mwanzoni mwa 2008, watu walichomewa nyumba katika Bonde la Ufa kwa hoja hiyohiyo, kwamba hawakuwa wa pale, ingawa wengine walikuwa wamezaliwa pale. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 39, ilimpa kila raia haki ya kuingia, kubaki na kuishi popote nchini, na haikuweka sharti la idhini ya jirani. Nakubaliana na Katiba bila kusita. Haki ya kulala salama haiombwi mtu. Lakini sheria inaweka sakafu, na maisha ya mtaa huendeshwa juu ya sakafu hiyo. Isitoshe, kisa cha Lutu kinamkata pia mwenyeji: watu wa Sodoma hawakumbukwi kwa kupokea wageni wengi mno. Hatia yao ilianzia mlangoni pa mgeni. Anayesema mgeni lazima apokelewe amesema pia kwamba mwenyeji lazima apokee, na mzigo wa pili ni mzito kwa kuwa mwenyeji ndiye mwenye mti, kisima na shahidi.

Waislamu wa Lodwar na Kakuma wana mfano wa mizigo hiyo miwili ikibebwa pamoja. Waliohama kutoka Makka kwenda Madina mwaka 622 walifika mikono mitupu, na Mtume akawaunganisha kwa udugu na wenyeji, Ansari, mtu kwa mtu. Saad bin Rabii alijitolea kumpa nduguye mpya, Abdurrahman bin Auf, nusu ya mali yake. Abdurrahman akamwombea baraka na akauliza soko liko wapi. Hakuna aliyewajibishwa kutoa kiasi kile, na hakuna aliyewajibishwa kukikataa. Lakini mmoja alifungua mlango wote, na mwingine hakutaka kuwa mzigo ndani ya nyumba. Qurani nayo, katika Sura ya An-Nisaa, aya ya 36, inaagiza wema kwa jirani wa karibu na kwa jirani wa mbali, na wafasiri wengi wamemwelewa jirani wa mbali kuwa yule asiye ndugu wa damu. Sioni namna ya kuisoma aya hiyo katika mji wenye Waturkana, Wasomali, Wakikuyu, Waluhya na Wasudani Kusini na bado ukautafuta mtaa wa watu wa kwenu pekee kana kwamba hilo ni jambo la ladha tu.

Yupo pia anayeuliza yote haya yanamhusu vipi mkimbizi, ambaye hakuchagua. Kambi ya Kakuma ilifunguliwa 1992, vijana waliotembea kutoka Sudan walipowasili, na mtoto aliyezaliwa mwaka ule ana zaidi ya miaka 30 leo. Nabii Yeremia aliwaandikia watu wake waliochukuliwa mateka Babeli wajenge nyumba, wapande bustani, waoe na waoze, na wautafute ustawi wa mji ule ule uliowafunga, kwa maana amani ya mji ndiyo itakuwa amani yao. Ni barua ngumu. Haiwaambii kwamba Babeli ni mtaa mzuri, wala haiwaambii wasitamani kurudi. Inawaambia kwamba mtu anaweza kupangiwa mahali na bado akawa mkazi kamili, kwa kuanza kuwa na manufaa kwa wanaomzunguka. Kakuma imefanya hivyo bila kuhubiriwa. Utafiti wa 2018 wa Shirika la Fedha la Kimataifa, IFC, ulikuta biashara zaidi ya 2,000 katika kambi na mji wa Kakuma, na mwanamke wa Kiturkana anayeleta kuni na makaa kwenye vibanda vya wakimbizi, akarudi na unga, ameshaujibu wito wa Yeremia kutoka upande wa mwenyeji. Jamii ya wenyeji ilikubali mwaka 2015 kutoa ardhi ya Kalobeyei kwa makazi ya kuishi pamoja. Tendo hilo linafanana na lile la lango la Hebroni kuliko chochote kingine katika historia ya karibuni ya kaunti hii: liliombwa, likajadiliwa, likakubaliwa mbele ya watu.

Hata hivyo barua ya Yeremia haipaswi kusomwa na mlinzi wa geti. Turkana yenyewe inajua kuzuiwa: chini ya wakoloni ilikuwa wilaya iliyofungwa, kuingia kulihitaji kibali, na serikali iliitumia kuwaficha watu iliowaogopa. Jomo Kenyatta alitolewa kifungoni Lokitaung mwaka 1959 na kuwekwa Lodwar hadi 1961, katika mji ambao hakuna aliyemwuliza kama anautaka. Mkimbizi wa Kakuma anayetaka kwenda Kitale kwa matibabu au biashara bado anahitaji kibali. Hapa hoja yangu inanifikisha mahali ambapo sikuweza kupakwepa. Adakar iliweza kumdai mtu kwa sababu mtu aliweza kuiacha, na kubaki kwake kulikuwa na maana kila siku aliyobaki. Deni la ujirani lisiloweza kukimbiwa linageuka kuwa kifungo, hata likiwa na shule na maji. Sheria ya Wakimbizi ya 2021 na Mpango wa Shirika uliozinduliwa Machi 2025 vinaahidi kuigeuza kambi kuwa makazi ya mji, pamoja na wenyeji. Vitapimwa kwa mabomba na madarasa, na ni haki vipimwe hivyo, lakini kipimo cha kwanza kingekuwa barabara ya Kitale: kama mkazi wa Kalobeyei anaweza kupanda basi bila kuomba ruhusa, na jioni akaamua mwenyewe kurudi. Wale wa Lodwar wanaoshiriki katika kuandika na kutekeleza sera hizo walizunguka Napetet na Nawoitorong kabla ya kupanga nyumba zao. Wanajua uhuru huo una thamani gani, na kwa hiyo wao ndio wa kwanza kudaiwa.